Kamera inazima usiku? Anza na umeme

Kamera ya ulinzi ikionyesha vizuri mchana kutwa kisha picha ikakatika giza linapoingia, usikimbilie kununua nyingine. Usiku taa zake za infraredi huwaka na kuvuta umeme zaidi. Adapta iliyochoka, au waya mrefu na mwembamba, hushindwa hapo.

Pima kwa multimita upande wa kamera, si kwenye adapta, kamera ikiwa imewashwa. Ukipima mchana, ziba kihisi cha mwanga ili taa ziwake. Adapta ikitoa volti 12 na kamera ikapata 10, umeme unapotea njiani: tumia waya mnene zaidi, au sogeza adapta. Kupachika adapta ya volti kubwa kwa kukisia ni kuiunguza kamera.

Kamera 4 zinazovuta ampea 0.5 kila moja zinahitaji ampea 2. Mimi ningeweka adapta ya 3.

Viungio vya nje vichunguze kama vina maji au kutu ya kijani.

Kamera zikizima zote kwa pamoja, angalia soketi kwanza. Mara nyingi kuna mtu amechomoa plagi ili achaji simu.