Tahakiki ya Mchezo wa Jukwaani

Mtahiniwa, kosa linalowapotezea wengi alama katika tahakiki ni kusimulia hadithi. Hadithi ni ya mwandishi. Kazi yako ni kueleza jinsi waigizaji uliowatazama walivyoiwasilisha jukwaani, kisha utoe uamuzi wenye ushahidi.

Tuchukue mfano wa *A Raisin in the Sun*, tamthilia ya Lorraine Hansberry iliyoonyeshwa Broadway, New York, mwaka wa 1959. Ilikuwa ya kwanza ya mwanamke mweusi kufika huko. Familia ya Younger, Wamarekani weusi wanaobanana katika nyumba ndogo Chicago, inasubiri hundi ya bima ya dola 10,000 baada ya kifo cha baba. Mama Lena anataka nyumba. Mwanawe Walter anataka biashara ya pombe. Bintiye Beneatha anataka kusomea udaktari.

A. Muundo
1. Utambulisho: jina la mchezo, mwandishi, kundi, mwelekezi, ukumbi na tarehe.
2. Muhtasari: sentensi tatu au nne, kama hapo juu. Usifichue mwisho.
3. Uchambuzi: uigizaji, mandhari ya jukwaa, maleba, mwanga na sauti.
4. Tathmini: ufanisi, udhaifu na pendekezo kwa mtazamaji.

B. Ushahidi
Linganisha:

*Dhaifu:* Walter aliigiza vizuri sana.

*Bora:* Walter alipoambiwa kuwa pesa zimepotea, hakupiga mayowe papo hapo. Aliuliza tena kwa sauti ya chini, kisha magoti yakamlegea.

Sentensi ya pili inamwonyesha msomaji alichofanya mwigizaji. Chunguza vifaa vya jukwaani vivyo hivyo. Mama Lena ana mmea dhaifu usiopata jua la kutosha, lakini hauachi. Mwelekezi akiuficha pembeni, amepoteza ishara muhimu ya matumaini ya familia hiyo. Hilo litaje.

C. Haki kwa waigizaji
Katika kundi la mtaani, anayeigiza huenda ni karani au mwalimu afanyaye mazoezi jioni baada ya kazi. Usimsifu kwa kumhurumia, wala usimkejeli. Kila lawama iwe na sababu. Badala ya "Lindner alikuwa mbovu", andika: "Lindner alifoka tangu alipoingia, ilhali mzungu huyu anayetaka kuilipa familia isihamie mtaa wao hutisha kwa upole wake. Anatukana kwa lugha ya adabu." Sasa mwigizaji anajua la kurekebisha, na mtahini anajua kwamba umeuelewa mchezo.

Zoezi
Umetazama mchezo ulioigizwa na kundi la mtaani kwenu. Andika tahakiki yake. (alama 20)

*Dokezo:* Kabla ya kuandika, fumba macho. Ni tukio gani la jukwaani ambalo bado unaliona? Anza uchambuzi wako hapo, na ueleze kwa nini halijakutoka akilini.