Jiwe la Kijani na Mukuba

Katika nchi ya Katanga kuna jiwe la rangi ya kijani. Jina lake ni malakiti. Ndani yake mna shaba nyekundu, ambayo watu wa Lubumbashi huiita mukuba. Lakini mtu akilivunja jiwe hilo haoni mukuba hata kidogo. Sababu yake ni nini? Shaba imeungana na vitu vingine, wala haionekani mpaka itenganishwe navyo.

Wazee wa Katanga, kama Wasanga na Wayeke, waliijua kazi hiyo kabla Wazungu hawajafika. Wakati wa kiangazi walichimba malakiti na kuchoma makaa ya miti. Walijenga tanuru ndogo kwa udongo wa kichuguu, maana udongo huo huvumilia moto. Wakajaza makaa na mawe, kisha wakavukuta mivukuto bila kupumzika.

Kwa nini hawakupumzika? Maji huchemka kwa joto la digrii 100, lakini shaba huyeyuka kwa digrii 1,085. Moto wa kupikia hautoshi. Upepo wa mivukuto huuzidishia ukali. Tena makaa huondoa oksijeni iliyoshikamana na shaba. Ndipo mukuba ulipotiririka chini ya tanuru. Waliumimina katika kalibu, ukawa misalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha yao.

Mwaka wa 1911 tanuru kubwa ya kwanza iliwashwa Lubumbashi, mji ulioitwa wakati ule Elisabethville. Mawe yalitoka katika mgodi wa Étoile, karibu na mji. Taka nyeusi ya tanuru ilimwagwa kando ya kiwanda, ikawa kilima. Baadaye wataalamu walitambua faida ya kobalti iliyomo, wakaanza kukichimba kilima chenyewe.

Siku hizi viwanda vingi vya Katanga husaga mawe na kuyatia asidi. Shaba huyeyuka katika asidi, kisha nguvu ya umeme huikusanya juu ya mabamba.

Lakini wako watu wanaochimba kwa mikono, katika mashimo yasiyo na nguzo. Udongo huanguka ghafula, na wengi wamefia humo. Mtoto mwenye akili akiliona jiwe la kijani ndani ya shimo, hashuki kulichukua.

Maswali
1. Kwa nini mukuba hauonekani katika malakiti?
2. Mivukuto ilifanya kazi gani? Na makaa je?
3. Kwa nini kilima cheusi kilichimbwa?
4. Hatari ya shimo lisilo na nguzo ni nini?