Miguu Haioni, Treni Inaona: Somo la Mwinuko wa Usui

Wanaosoma uhandisi wameshakutana na mwinuko kwenye fomula. Huko Japani, mkoa wa Gunma, unaweza kukutana nao kwa miguu. Kutoka stesheni ya Yokokawa hadi Kumanotaira kuna njia ya kutembea ya kilomita 6 hivi, juu ya reli ya zamani ya Usui. Hakuna kukwea wala kushika kamba. Ukiwa unapiga stori na wenzako hutagundua kwamba umeshapanda mita 300.

Sasa swali: njia laini hivyo iliwatesaje wahandisi? Sehemu kali ina mwinuko wa 66.7 kwa elfu, yaani kila mita 15 unapanda mita 1. Kwa mguu si kitu. Kwa treni ni balaa, maana gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza. Ndiyo sababu reli hii ilipofunguliwa 1893 iliwekewa reli ya meno katikati, mfumo wa Abt, na kichwa cha treni kikapewa gia ya kuyang'ata. Kilomita 11.2 hadi Karuizawa zilichukua zaidi ya saa nzima. Mkimbiaji wa kawaida angeiacha treni, jamani!

Lakini mwendo haukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa moshi. Leo utapita mahandaki 10 yenye taa, kuna ubaridi mzuri. Zamani treni ya makaa ikiingia, handaki lenye mwinuko liligeuka bomba la moshi: hewa iliingia kwa mdomo wa chini, ikausukuma moshi juu pamoja na treni, na dereva akawa anaoga ndani yake. Dawa yao? Pazia. Mlinzi wa handaki alisubiri behewa la mwisho lipite, kisha anaufunga mdomo wa chini ili hewa isifuate. Kazi hiyo ilifanywa na watu walioishi hapo hapo msituni. Mwaka 1912 umeme ulifika, na jengo la matofali la kituo cha umeme cha Maruyama bado lipo kando ya njia.

Daraja la matofali lenye matao manne, urefu mita 91 na kimo mita 31, ndilo wengi wanalofuata kupiga picha. Pigeni, lakini msiishie hapo.

Reli ya meno iliachwa 1963, na reli iliyoirithi nayo ikafungwa 1997 treni ya kasi ya kwenda Nagano ilipoanza. Anayetoka Yokokawa kwenda Karuizawa sasa anapanda basi.

Kumanotaira palikuwa mahali pa treni kupishana. Juni 1950 mlima uliporomoka hapo, watu 50 wakafa, wakiwemo wafanyakazi wa reli na familia zao. Kuna sanamu ya mama amembeba mtoto. Njia ya wazi inaishia hapo. Unakaa kidogo, unageuka, unashuka.