SEVA YA MICHEZO: MTAJI UWEKWE KWENYE KASI, SI KWENYE WINGI

SOKO la kompyuta zilizotumika lina seva nyingi za ofisi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia. Mashine ya namna hiyo huwa na prosesa mbili, kumbukumbu kubwa ya RAM na kasha zito la chuma. Kwa mfanyabiashara anayetaka kuendesha seva ya mchezo wa kompyuta unaochezwa na watu wengi kwa pamoja, mashine hiyo huonekana ni bahati. Mara nyingi siyo. Somo la wiki hii linaeleza ni kitu gani hasa kinanunuliwa katika biashara hiyo, na ni wapi mtaji mdogo hupotelea.

Biashara yenyewe

Mfano mzuri ni Minecraft, mchezo wa kampuni ya Mojang ya Sweden uliotoka rasmi Novemba 2011. Mwaka 2014 Microsoft ya Marekani ilikubali kuinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 2.5. Programu ya seva ya mchezo huo, katika toleo lake la Java, hutolewa bure, hivyo mtu yeyote anaweza kufungua dunia yake na kukaribisha wachezaji.

Anachouza mwenye seva si mchezo, kwa kuwa kila mchezaji amekwisha kuununua. Anachouza ni mahali pa kuchezea, kama mwenye ukumbi anavyokodisha ukumbi. Mteja wa ukumbi hulalamika joto likizidi au taa zikizimika; mteja wa seva hulalamika mchezo ukikwama. Akikwama mara mbili au tatu huhamia kwingine, na huondoka na rafiki zake.

Karani mmoja, daftari moja

Seva hii hufanya hesabu za dunia nzima mara 20 kwa kila sekunde. Kila mzunguko una milisekunde 50 za kukamilisha kazi yote: nani ametembea, nani amechimba, mnyama gani amesogea, maji yametiririka wapi. Kazi ikichukua milisekunde 100 badala ya 50, mizunguko hushuka hadi 10 kwa sekunde na dunia nzima huenda nusu ya mwendo wake.

Prosesa za leo zina viini vingi, na kila kiini kinaweza kufanya kazi yake peke yake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hesabu za dunia moja ya Minecraft hupita katika kiini kimoja tu. Hali hii ni sawa na ghala lenye karani mmoja wa mizani na daftari moja. Kuajiri makarani wengine 15 hakupunguzi foleni kama daftari ni lile lile na anayeandika ni yule yule. Kinachopunguza foleni ni karani mwepesi.

Hapo ndipo seva ya ofisi inapomponza mnunuzi. Chukua prosesa ya Intel Xeon E5-2670 ya mwaka 2012, yenye viini 8 na kasi ya msingi ya gigahezi 2.6. Seva yenye prosesa mbili za aina hiyo ina viini 16. Kwa upande wa pili ipo Core i3-12100 ya mwaka 2022, prosesa ya kompyuta ya kawaida ya mezani, yenye viini 4 tu vinavyoweza kufika gigahezi 4.3. Katika kazi ya kiini kimoja, hiyo ndogo huishinda ile kubwa kwa mbali.

Viini vingi vina faida kwa mtu wa aina nyingine: yule anayekodisha dunia nyingi kwa wateja tofauti, kila dunia ikiendeshwa na programu yake. Huyo ni sawa na mwenye maghala kadhaa, kila ghala na karani wake. Mwekezaji mdogo anayeanza na dunia moja bado hajafikia hapo.

Kumbukumbu, diski na kadi ya picha

Kwa marafiki wapatao 10 katika mchezo usioongezewa kitu, gigabaiti 4 za RAM kwa kawaida hutosha. Kwa wachezaji 20 na programu za nyongeza chache, gigabaiti 8 ni kiasi cha busara. Nyongeza nzito zinaweza kudai 12 au zaidi. Juu ya hapo ziachwe gigabaiti 2 kwa ajili ya mfumo endeshi. Hivyo mashine ya gigabaiti 16 inawatosha wengi wanaoanza. Kurundika RAM kupita mahitaji hakuongezi kasi ya karani. Kunampa meza kubwa tu.

Dunia ya mchezo huandikwa kwenye diski, na wachezaji wanapokimbilia maeneo mapya seva husoma na kuandika mfululizo. Diski ya zamani ya kuzunguka huchelewesha kazi hiyo. Diski ya SSD, hata ya ukubwa wa wastani, ni lazima, na ya pili inahitajika kwa ajili ya nakala za akiba.

Kitu kimoja kinaweza kuachwa kabisa: kadi ya picha. Seva haichori picha yoyote. Picha huchorwa kwenye kompyuta ya mchezaji mwenyewe. Muuzaji anayesisitiza kadi ya picha kwa kazi hii anauza asichohitaji mteja.

Kabla ya kununua mashine kubwa zaidi, mwenye seva aangalie mpangilio wa umbali wa kuona. Dunia imegawanywa katika vipande, na kwa kawaida seva humpa kila mchezaji vipande 10 kila upande. Hiyo ni 21 mara 21, yaani vipande 441 kwa mtu mmoja. Umbali ukipunguzwa hadi 6, hesabu inakuwa 13 mara 13, yaani 169. Ni punguzo la zaidi ya asilimia 60, na halina gharama. Umbali wa vipande vinavyofanyiwa hesabu, nao una mpangilio wake na unaweza kupunguzwa vivyo hivyo.

Intaneti na umbali

Wengi huuliza kasi ya kupakua. Kwa mwenye seva, kasi inayotakiwa ni ya kupakia, kwa kuwa yeye ndiye anayetuma. Kwa tahadhari itengwe megabiti 1 kwa sekunde kwa kila mchezaji. Wachezaji 20 wanahitaji megabiti 20 za kupakia. Kama wastani halisi ni nusu ya hapo, yaani megabiti 10, saa moja hutumia gigabaiti 4.5. Kwa saa 4 kila jioni, mwezi wa siku 30 hutumia gigabaiti 540. Kifurushi cha simu chenye kikomo hakiwezi kubeba mzigo huo.

Aidha, mnunuzi aulize kama laini yake ina anwani ya IP ya umma. Laini nyingi za simu huwachanganya wateja wengi katika anwani moja, na hapo mchezaji wa nje hawezi kuifikia seva hata kama mashine ni nzuri.

Umbali nao ni bei. Mwanga ndani ya waya wa nyuzi husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilometa 7,500 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 75. Njia halisi ya baharini ni ndefu zaidi, na muda huongezeka. Kwa Minecraft hilo huvumilika. Kwa mchezo wa kufyatuliana risasi kama Counter-Strike, mchezaji wa mbali huanza akiwa ameshindwa.

Hiyo ndiyo faida pekee kubwa ya seva iliyo nyumbani. Nairobi kuna kituo cha KIXP na Dar es Salaam kuna TIX, ambako kampuni za intaneti hubadilishana mawasiliano bila kuyapitisha ng'ambo. Nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 12, 2024, nchi kadhaa za Afrika Mashariki zilipata shida ya mawasiliano ya nje. Seva ya ndani hupunguza hasara ya siku kama hiyo, ingawa haiiondoi yote: mchezaji anayeingia upya kwenye seva ya kawaida ya Minecraft huhakikiwa kwanza na mitambo ya kampuni iliyoko nje.

Hesabu ya mwezi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Seva hukaa wazi saa 24, kwa hiyo umeme si gharama ndogo. Mashine inayokula wati 200 kwa wastani hutumia uniti 144 kwa siku 30. Inayokula wati 60 hutumia uniti 43.2. Kwa mfano wa bei ya Sh 350 kwa uniti, ya kwanza hugharimu Sh 50,400 na ya pili Sh 15,120. Tofauti ni Sh 35,280 kwa mwezi, au Sh 423,360 kwa mwaka. Seva ya ofisi iliyonunuliwa kwa bei nafuu hulipiwa upya kupitia LUKU.

Mfano wa hesabu kamili, ambao kila msomaji ataujaza kwa bei za mahali pake, ni huu. Kompyuta ya mezani pamoja na betri ya UPS ni Sh 1,800,000, zikigawanywa kwa miezi 36 ni Sh 50,000 kwa mwezi. Umeme Sh 15,120. Intaneti Sh 150,000. Jumla ni Sh 215,120. Wanachama 40, ambao hawachezi wote kwa wakati mmoja, wanapaswa kulipa karibu Sh 5,380 kila mmoja ili gharama zirudi, kabla ya jasho la msimamizi kuhesabiwa. Wakiwa 20, ada hiyo inakuwa mara mbili.

UPS isihesabiwe kuwa anasa. Umeme ukikatika wakati seva inaandika, dunia iliyojengwa kwa miezi inaweza kuharibika. Mteja aliyepoteza jengo lake harudishwi kwa kuombwa radhi.

Masharti ya mwenye mchezo

Programu ya seva hukataa kuanza hadi mmiliki akubali mkataba wa matumizi. Mwaka 2014 Mojang ilifafanua kwamba mwenye seva anaweza kutoza kiingilio, kupokea michango na kuuza mapambo, lakini si kuuza vitu vinavyompa mnunuzi nguvu ya kuwashinda wengine. Anayepanga kupata faida kwa kuuza panga kali amejenga juu ya ardhi isiyo yake. Masharti yanayotumika yasomwe kabla ya fedha kutoka.

Mambo ya kukumbuka

(i) Ulizia kasi ya kiini kimoja kwanza, idadi ya viini baadaye.
(ii) RAM gigabaiti 16, SSD, na diski ya akiba. Kadi ya picha iachwe.
(iii) Pima kasi ya kupakia jioni, saa ambazo wateja watacheza.
(iv) Hesabu uniti za umeme za mwezi kabla ya kushangilia bei ya mashine.
(v) Jaribu na watu watano kwanza. Tangu toleo la 1.20.3 la Desemba 2023, seva ina amri ya kuonyesha milisekunde zinazotumika kwa kila mzunguko. Zikikaa chini ya 50 watu wote wakiwa ndani, nafasi ya kuongeza wateja ipo. Zikipita 50, isiuzwe nafasi nyingine hata moja hadi chanzo kijulikane.

Asiye na uhakika wa wateja akodi seva kwa miezi mitatu kabla ya kununua. Kodi hiyo huisha, lakini humwachia idadi halisi ya wanaolipa, na idadi hiyo ndiyo itakayomwambia kama anunue au asinunue.