Gari Dogo la Dizeli: Jinsi ya Kusoma Tarakimu Zake

Wakati wa likizo wengi wenu hupewa kazi ambayo haimo katika muhtasari wa masomo. Baba au mjomba amekusanya fedha za kununua gari lililotumika kutoka Japani. Amepata karatasi yenye tarakimu nyingi, naye amwita mtoto wake wa sekondari: "Mwanangu, hebu nisomee hapa." Mtoto husoma, lakini kusoma si kueleza. Mara nyingi hutazamwa tarakimu moja tu, ile ya nguvu-farasi, na gari lenye nyingi ndilo husifiwa. Hivyo akiba ya miaka mingi hutolewa kwa ajili ya tarakimu moja.

Somo hili lataka kuonyesha kwamba tarakimu hiyo peke yake haitoshi. Yapasa isomwe pamoja na mizunguko ya injini iliyoandikwa kando yake, na pamoja na safari ambazo gari litakwenda kila siku.

Mfano wetu

Tuchukue Mazda CX-3, gari dogo lenye umbo la magari yale yaitwayo SUV. Liliuzwa Japani kuanzia mwaka 2015 likiwa na injini ya dizeli ya lita 1.5, mpaka mwaka 2018 injini hiyo ilipobadilishwa kwa nyingine ya lita 1.8. Usukani wake uko kulia, kwa hiyo lafaa barabara za Kenya, Uganda na Tanzania. Tarakimu zake kubwa ni hizi:

Silinda: 4
Upana wa silinda: milimita 76
Mwendo wa pistoni: milimita 82.6
Ujazo wa injini: sentimita za ujazo 1498
Mgandamizo: 14.8 kwa 1
Nguvu: nguvu-farasi 105 (kilowati 77) kwa mizunguko 4000
Msokoto: Newton-mita 270 kwa mizunguko 1600 hadi 2500
Gia: 6, za otomatiki
Urefu: milimita 4275
Kimo: milimita 1550

Ujazo mwaweza kuuhakikisha wenyewe. Tafuteni eneo la duara lenye upana wa sentimita 7.6, zidisheni kwa 8.26, kisha kwa silinda 4. Mtapata 1498 na sehemu kidogo.

Moto bila cheche

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, ambaye jina lake ndilo tunalolitaja kila tunapotaja mafuta haya, alipata injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri mwaka 1897. Alitegemea jambo ambalo kila mwenye baiskeli amelihisi: ukijaza upepo, pampu hupata moto. Hewa ikigandamizwa hupanda joto. Kwa hesabu ya darasani, hewa ya digrii 27 ikigandamizwa mara 14.8 hufikia karibu digrii 600. Hapo dizeli ikinyunyizwa huwaka yenyewe.

Dizeli nyingi za zamani ziligandamiza hewa mara 20 na zaidi, kwa hiyo zilihitaji chuma kizito cha kuzuia shindo. Mgandamizo wa injini hii ni mdogo, na ndiyo sababu iliweza kuundwa nyepesi na kutoa mlio mdogo.

Nguvu na msokoto

Watu huvichanganya vitu hivi viwili. Msokoto ni uwezo wa kuzungusha. Shika fimbo ya chuma yenye urefu wa mita moja, funga ncha moja kwenye mhimili, ning'iniza kilo 27 na nusu kwenye ncha ya pili: huo ndio msokoto wa Newton-mita 270. Nguvu ni msokoto huo ukifanya kazi kwa kasi fulani. Kanuni yake ni hii:

Wati = msokoto × mizunguko kwa dakika × 0.1047

Sasa tuitumie. Mwaka 2017 gari hilo hilo lilitolewa Japani pia na injini ya petroli ya lita 2, yenye nguvu-farasi 148 kwa mizunguko 6000, na msokoto wa 192 kwa mizunguko 2800. Mtu wa tarakimu moja atasema mara moja, "Petroli imeshinda kwa farasi 43." Lakini je, ni nani kati yetu anayeendesha daima kwa mizunguko 6000? Safari za kawaida hufanywa chini ya 2500.

Kwa mizunguko 1600, dizeli hutoa 270 × 1600 × 0.1047, yaani karibu kilowati 45. Petroli, hata tukiipa msokoto wake wote wa 192, haizidi kilowati 32. Pale chini ambapo gari huishi zaidi, mwenye farasi wachache ndiye mwenye nguvu zaidi.

Ni haki tutazame na upande wa pili. Kwa mizunguko 4000 dizeli hii hutoa kilowati 77. Tukigeuza kanuni, msokoto wake hapo ni 184 tu. Umeshuka kutoka 270. Maana yake ni kwamba kuikanyaga mpaka ipige kelele hakuna faida kubwa. Anayependa kupita magari mengine kwa kasi kubwa na injini iliyopanda juu, atapata petroli ikiwa mbele.

Kupanda mlima

Tuseme gari na abiria na mizigo ni kilo 1600, linapanda mlima unaoinuka mita 8 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Kani ya kulivuta juu ni 1600 × 9.8 × 0.08, yaani Newton 1254. Mwendo ni mita 16.7 kwa sekunde. Kazi hiyo yataka karibu kilowati 21. Tuongeze kilowati 5 kwa ajili ya upepo na matairi: jumla 26. Kwa mizunguko 1600 dizeli inabakiwa na 19. Petroli inabakiwa na 6, tena kwa hesabu ya kuipendelea. Kwa hiyo ya petroli itashuka gia na kunguruma, na ya dizeli itapanda kwa sauti ya kawaida. Aliyesafiri kutoka Morogoro kwenda Iringa akapanda Kitonga ajua thamani ya baki hiyo.

Gia na tabia ya barabarani

Katika gari la otomatiki hakuna pedali ya klachi. Weka feni mbili zikitazamana, washa moja. Upepo wake utaizungusha ya pili. Ndivyo ilivyo kati ya injini na gia, ila badala ya upepo ni oili. Feni hizo huteleza kidogo, na kuteleza ni kupoteza mafuta. Basi katika gia hii imo klachi inayozifunga pamoja mara tu gari linapoanza kushika mwendo. Ndiyo maana dereva husikia gari likimjibu mguu wake.

Wakati wa kuondoka kuna kusitasita kidogo, maana turbo yangoja moshi wa kuizungusha. Kisha gari husukuma kwa upole na kwa uzito, kama mtu mfupi mwenye mabega. Mkiteremka mlima mrefu, pelekeni mkono wa gia upande wa M, mshushe gia, injini isaidie breki.

Umbo la juu lisiwadanganye. Kutoka ardhini hadi tumbo la gari ni sentimita 16 tu, nusu ya rula zenu na kidogo. Hilo ni gari la lami na la changarawe nzuri, si la kuvuka matope ya masika shambani.

Chujio la masizi

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia, na karatasi haiwaambii. Dizeli za siku hizi zina chujio linalokamata masizi ili yasiingie mapafuni mwa watu. Chujio likijaa, injini huongeza joto la moshi kufikia karibu digrii 600 ili masizi yaungue. Kazi hiyo yataka safari yenye mwendo usiokatika. Mtu anayekwenda kilometa 3 sokoni na kurudi, kila siku, huikatiza kila inapoanza. Chujio huziba, na dizeli iliyoongezwa kwa ajili ya joto huchuruzika ndani ya oili. Ukichomoa kijiti ukakuta oili imepanda badala ya kushuka, hiyo si baraka: oili imekuwa nyepesi na haitalinda vyuma.

Oili yenyewe lazima iwe ile isiyoacha majivu mengi, kwa kuwa masizi huungua lakini majivu hayaungui.

Hitimisho

Basi mzazi akikupa karatasi, usimjibu kwa tarakimu moja. Mwulize kwanza: "Baba, gari hili litakwenda wapi?" Akisema mara nyingi ni safari ndefu, milima na mizigo, mwonyeshe msokoto na mizunguko yake, na umweleze kwamba farasi 105 si haba. Akisema ni kumpeleka mdogo wako shule iliyo jirani na kurudi, mwambie kwa adabu kwamba gari la petroli litamfaa zaidi, hata kama dizeli ni nzuri. Hapo elimu yako itakuwa imeokoa fedha ya nyumba nzima.

Maswali

1. Tafuta nguvu ya injini hii ya dizeli kwa mizunguko 2500.
2. Gari la kilo 1500 lapanda mlima wa mita 5 kwa 100, kwa kilometa 72 kwa saa. Bila kuhesabu upepo na matairi, lataka kilowati ngapi?
3. Andika safari zote za gari moja unalolijua kwa juma moja, pamoja na urefu wake. Je, dizeli yalifaa? Toa sababu.