Chungu cha Jioni na Usingizi wa Mwanafunzi

Mwalimu amwonapo mtoto akisinzia juu ya daftari saa nne ya asubuhi, humwita mvivu, na pengine fimbo hufuata. Yafaa kwanza amwulize: Jana mlikula saa ngapi?

Hapa Nyakahanga chakula chetu ni ndizi na maharage. Ni chakula chema, maana ndizi hutia nguvu na maharage hujenga mwili. Ila maharage makavu hayaivi upesi. Mama arudipo shambani jua likitua, ndipo moto huwashwa; tena katika nyumba nyingine chakula hakipakuliwi mpaka baba aje, naye baba hana haraka. Basi watoto husinzia jikoni, wakaamshwa saa nne ya usiku ili wale. Hulala saa nne na nusu, na saa kumi na moja alfajiri huamshwa tena wachote maji na kushika njia ya shule. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni muda wa saa sita na nusu tu. Waganga wanena ya kwamba mtoto wa miaka 6 hata 12 ahitaji saa 9 mpaka 12, na wa miaka 13 hata 18, saa 8 mpaka 10.

Ubaya hauishi hapo. Aliyekula usiku sana mara nyingi huamka hana hamu ya chakula; huenda shule tumbo tupu, na njaa humshika katikati ya hesabu. Tena usingizi mchache wenyewe huzidisha njaa. Katika mwaka 2004 wataalamu wa Chicago waliwapima vijana wanaume 12 wenye afya. Walipolala muda wa saa 4 kwa siku mbili, homoni iletayo njaa ilizidi kwa sehemu 28 katika 100, na ile iletayo shibe ilipungua kwa sehemu 18, kuliko walipolala saa 10. Hao walikuwa watu wazima, lakini mwalimu aonaye watoto wakikimbilia maandazi na peremende wakati wa mapumziko hatastaajabu.

Liko jambo jingine, nalo latugusa sisi watu wa kahawa. Buni tutafunazo pamoja na wageni, na chai ya rangi ya jioni, zina kafeini, ambayo hukaa mwilini saa nyingi na kufukuza usingizi. Mzee na atafune apendavyo, mtoto asipewe. Kadhalika chai inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili usipate vema madini ya chuma yaliyomo katika maharage.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Maharage yalowekwe tangu usiku, maji yale yamwagwe, nayo yataiva upesi zaidi na kuni zitapungua. Watoto wapakuliwe saa moja ya jioni. Najua wazee watasema huku ni kuvunja heshima. Nami nilikuzwa kwa kungoja vivyo hivyo. Lakini chakula cha baba kikifunikwa kwa jani la mgomba karibu na moto, hakipotezi joto wala heshima. Kiporo kipashwe moto sana asubuhi, mtoto ale kabla ya kutoka. Na akikosa hamu, achukue ndizi mbivu mbili mkobani.