SOMO: Barafu Ikiondoka Juu, Chini Kunakuwaje?



Somo la toleo hili linatupeleka mbali, kwenye bahari za ncha ya kusini na ncha ya kaskazini ya dunia. Wengi wetu tukisikia kwamba barafu ya huko inayeyuka, tunawaza maji kupanda pwani. Ni machache yanayosemwa juu ya viumbe wanaoishi kwenye sakafu ya bahari hizo, ambao riziki yao inategemea kilichoko juu ya vichwa vyao.

Kwanza tutofautishe barafu za aina mbili. Ipo ile ya bahari yenyewe kuganda wakati wa baridi, yenye unene wa mita moja au mbili hivi. Ipo pia ya mabamba, yaani barafu ya nchi kavu iliyoteremka polepole hadi baharini ikaelea bila kukatika. Bamba huweza kuwa na unene wa mamia ya mita. Chini yake ni giza, na pasipo mwanga mwani hauoti. Na mwani ndio chakula cha kwanza cha bahari.

Mwanzoni mwa mwaka 2002, mashariki mwa Rasi ya Antaktika, bamba liitwalo Larsen B lilivunjika. Kilomita za mraba zipatazo 3,250, karibu mara mbili ya kisiwa cha Unguja, zilisambaratika kwa muda wa wiki tano hivi. Jirani yake, Larsen A, lilikuwa limetangulia mwaka 1995. Meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, ilifika huko msimu wa 2006/2007. Watafiti walikuta majongoo bahari na viumbe wengine ambao kwa kawaida huishi kwenye kina kirefu sana, penye chakula haba. Walikuta pia wanyama laini mithili ya vifuko, wanaochuja maji ili kupata chakula, wamejaa mahali pengi. Hao hukua haraka, na ilionekana kwamba ndio wameurithi mji.

Meli iliporudi mwaka 2011, vifuko wale walikuwa karibu wote wametoweka. Badala yake, katika eneo la Larsen A, sifongo wenye mifupa ya kioo walikuwa wameongezeka mara tatu kwa idadi na mara mbili kwa uzito, ingawa wataalamu waliamini kwamba sifongo hao hukua polepole mno. Mwanga ulikuwa umeingia, mwani ukastawi, na mabaki yake yakashuka kuwa chakula. Sisi tulioshika kazi za miradi tunaona jambo hapa: taarifa ya mwaka 2007 peke yake ingetupa picha nyingine kabisa ya eneo lilelile.

Hata hivyo tusidhani kwamba chini ya bamba hapakuwa na kitu. Tarehe 13 Januari 2025, kipande cha kilomita za mraba zipatazo 510 kilikatika kutoka bamba la George VI, upande wa pili wa rasi hiyo. Meli ya utafiti Falkor (too) ilikuwa karibu, ikafika mahali hapo siku 12 baadaye. Chombo chake cha kupiga mbizi kilikuta matumbawe, pweza, sifongo wakubwa na samaki ambao damu yao haina wekundu. Kwa ukubwa wao, baadhi ya sifongo huenda waliishi hapo miongo mingi, pengine karne, chini ya barafu yenye unene wa karibu mita 150. Inadhaniwa kwamba mikondo ya maji ndiyo iliyowaletea chakula. Sasa paa lao limeondoka.

Kwenye maji mafupi hasara ni ya wazi zaidi. Karibu na kituo cha Uingereza cha Rothera, wapiga mbizi huweka vipande vya zege sakafuni, kisha hurudi kuona vingapi vimepondwa na vilima vya barafu vinavyoelea. Bahari ikiganda vizuri wakati wa baridi, vilima hivyo hukwama; isipoganda, husukumwa na upepo na mawimbi na kuikwangua sakafu kama jembe. Mnyama anayehitaji miaka kumi kukomaa atakomaa lini, ikiwa shamba lake linalimwa kila mwaka?

Kaskazini nako, mwaka 2012, barafu ya Bahari ya Aktiki ilipopungua hadi kilomita za mraba milioni 3.4 tu, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyopimwa kwa setilaiti, Polarstern ilikuta mafungu ya mwani yamelala kwenye kina cha zaidi ya mita 4,000. Mwani huo huota chini ya barafu kama nyuzi ndefu. Barafu ilikuwa nyembamba, ikapitisha mwanga mwingi, kisha ikayeyuka na kuuachia mwani wote kwa mkupuo. Majongoo bahari walishiba. Uliobaki ulioza, na palipooza oksijeni ikaisha.

Mwani huo unahitaji barafu ya kushikilia. Barafu nyembamba iliuongeza mwaka ule. Barafu ikikosekana kabisa majira ya joto, hautakuwa na mahali pa kuotea, na majongoo wa kilindini watabaki wakingoja.